Kipande cha Bibi

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na kijaluba cha bati alichokuwa akitilia tambuu zamani, kabla meno hayajamtoka. Mwisho wa umri wake kijaluba kile kilikuwa na vitu vitatu tu: pete ya fedha ya babu, risiti ya kiwanja iliyochakaa mpaka haisomeki, na kipande chake. Siku hizi tunasema kitambulisho. Yeye alisema kipande mpaka alipofariki. Alikuwa amekizungushia kitambaa kilichokatwa kwenye kanga kuukuu, na ndani ya kitambaa aliweka asumini mpaka zikakauka zikawa unga. Kila nikiikumbuka harufu ile, ya bati na asumini, naukumbuka mwaka 1998.

Mwaka huo, kwetu Lamu, pwani ya Kenya, nilitimiza miaka 18. Nilikwenda kuomba kitambulisho nikiwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na nakala za vipande vya baba na mama. Nilivaa shati jeupe la Idi kwa ajili ya picha. Karani alizitazama karatasi zangu moja moja, akazigonga mezani zikae sawa, kisha akaniuliza, "Babu yako, mzaa baba, alizaliwa wapi?" Nikamtajia kijiji. "Karatasi yake iko wapi?"

Babu hakuwa na karatasi. Alikuwa Mbajuni, Mtikuu kama Waamu, watu wa Lamu, walivyozoea kuwaita, wa vijiji vya bara ya kaskazini kuelekea mpaka wa Somalia. Alikuwa nahodha, akaoa Lamu, lakini kwao kulikuwa kule. Vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, vilipozuka baada ya uhuru, watu wa vijiji vile walihama. Wengine walikwenda Mombasa, wengine Malindi, wengine wakaja kujibana kwa jamaa zao visiwani. Nyumba zilimezwa na mwitu. Kijiji cha babu hakikuwa na chifu wala mzee wa mtaa ambaye ningeweza kumpelekea fomu aitie sahihi.

Nikaambiwa nirudi na mashahidi, nikarudi nao. Nikaambiwa nisubiri kikao cha kupigwa msasa. Kikao kikakaa, wazee watatu na afisa mmoja, mimi nimesimama mbele yao na shati langu la Idi. Niliulizwa nasali msikiti gani, mitaa ya Mkomani na Langoni imepakana wapi, baba alisoma madrasa na nani. Kisha mzee mmoja akaniuliza kwetu kucheka tunasemaje. Nikamjibu, "Kuteka." Akaandika. Nimesimama nikitoa ushahidi wa uraia wangu kwa neno la kucheka, na hakuna aliyekuwa akicheka.

Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa kijana wa Mpeketoni. Wazazi wake walitoka bara wakapewa ardhi kule katika mpango wa makazi wa miaka ya sabini. Alipata kitambulisho chake baada ya wiki chache. Mimi nilisubiri miezi 14. Sikumwonea kijicho, na mpaka leo ni rafiki yangu. Lakini usiku nilikuwa nikijiuliza: watu walioujenga mji huu kwa mawe na boriti, makaburi yao yakiwa hapa karne kwa karne, wakaulizwe wametoka wapi?

Nilimwambia bibi, kwa hasira za ujana, kwamba nchi yao na wabaki nayo. Alikuwa akipeta mtele. Hakuinua uso. Aliupeta mpaka makapi yakaisha, ndipo akasema, "Nti si yao hata uwaatie. Yao ni ile meza."

Kwa msomaji asiyekijua Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, nti ni nchi. Ni nchi hii ya bendera na wimbo, na ni ardhi pia, ile nchi kavu ambayo baharia akiiona baada ya siku nyingi za maji humshukuru Mungu. Hata jina la Watikuu wazee hulieleza hivyo, watu wa nti kuu, wa bara ile kubwa. Bibi hakuwa na maneno mawili kwa vitu hivyo. Aliposema nti alikuwa akisema udongo aliomzikia babu na Jamhuri ya Kenya kwa pumzi moja.

Na yeye alikuwa na haki ya kulisema hivyo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alizaliwa Mkomani miaka ya thelathini, mtu wa Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba wa 1895, mwambao wa maili kumi pamoja na visiwa vyetu ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani, ila Waingereza ndio waliotawala kwa niaba yake. Ilipokaribia 1963 watu wa pwani walibishana vikali. Wako waliotaka mwambao ujitawale wenyewe, na wako waliotaka kuingia uhuru pamoja na Kenya nzima. Kuna ndugu waliacha kusalimiana kwa sababu hiyo. Oktoba mwaka huo Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana, na Desemba 12 tukawa Kenya. Bibi alikuwa na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Baba na shangazi walizaliwa chini ya bendera nyekundu ya Sultani. Ami yangu alizaliwa Mkenya. Kitanda ni kile kile, chumba ni kile kile, mkunga ni yule yule.

Kitambulisho changu kilipotoka, herufi moja ya jina la babu ilikuwa imekosewa. Nilitaka kukirudisha. Bibi alikichukua, akakifuta kwa upindo wa kanga yake, akakitia ndani ya kijaluba juu ya chake. Kililala humo usiku mmoja. Asubuhi akanipa, kinanukia.

Nikasoma ualimu, nikapangiwa shule ya msingi kisiwani Pate. Miaka ile ya mwanzo nilifundisha kila somo kwa moyo isipokuwa habari za uraia, ambazo nilizifundisha kama mtu anayesoma barua ya jirani. Jumatatu na Ijumaa, bendera ikipandishwa, nilisimama wima mbele ya watoto na mdomo wangu umefungwa. Watoto huona. Siku moja msichana wa darasa la nne aliniuliza, "Mwalimu, wewe hujui maneno?" Nilimwambia koo linaniuma, na uongo ule umenikaa.

Aliyenifungua mdomo ni mwalimu mwenzangu, Mpokomo wa Mto Tana, aliyerudi kazini na mtoto mchanga mgongoni. Tulikuwa chumba cha walimu, tunasahihisha mitihani, naye anamwimbia mwanawe kwa Kipokomo, polepole, huku akijitikisa. Nikaacha kalamu. Sauti ile niliijua. Nikamwuliza mbona anambembeleza mtoto kwa wimbo wa taifa. Akaniambia, "Mwalimu, ni wimbo wa taifa uliotoka huku." Akanieleza: mwaka 1963, wanamuziki walipopewa kazi ya kutunga wimbo wa nchi mpya, sauti waliyoichukua ni ya bembelezo la kina mama wa Kipokomo, lililotolewa na Mzee Meza Galana wa Tana. Na Tana ni jirani yetu. Kipini, pale mto unapoingia baharini, si mbali na sisi. Basi wimbo ule niliokuwa nikiusikia kama amri ya watu wa mbali ulianza kama sauti ya mama wa jirani anayemlaza mwanawe asilie. Ijumaa iliyofuata niliimba. Yule msichana alinigeukia akatabasamu.

Lakini sitaki kusema kwamba wimbo ulinimaliza hasira. Kilichonibadilisha ni mwaka 2014.

Juni mwaka huo Mpeketoni ilishambuliwa. Kwa usiku mbili, huko na vijiji vya jirani, waliuawa watu zaidi ya 60. Ndugu wa rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Nilikwenda kumpa pole baada ya siku kadhaa, nikasimamishwa kwenye kila kizuizi cha barabara. Nilipofika, rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Alinitazama kwa muda, akasema, "Watu waliniambia hutakuja." Tulikaa pamoja mpaka alasiri. Sikumbuki tulizungumza nini. Nakumbuka mama yake alileta chai, akanimiminia mimi kwanza.

Julai ikaja amri ya kutotoka nje usiku, kaunti nzima, ikawa yaongezwa mwezi baada ya mwezi. Na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Asiye wa bahari hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Jarife, wavu mkubwa, hutegwa magharibi na kutolewa alfajiri. Kamba hutoka mwambani giza likiingia. Kumwambia mvuvi afanye kazi mchana tu ni kama kumwambia mkulima apande lakini asivune. Jirani yangu, nahodha mwenye boti la faiba, alitundika nyavu zake kwenye mti wa ua. Zilikaa pale mpaka ndege wakazijengea.

Usiku mmoja wa Agosti dada yangu mdogo alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na damu ikawa nyingi. Mumewe alikuwa Mombasa. Mkunga alimtazama akasema neno moja, "Amu." Maana yake hapa Pate hawezi, apelekwe hospitali ya mjini Lamu. Ilikuwa saa nne usiku, na kusi inavuma.

Nilikwenda kambi ya askari peke yangu. Nilitembea nikiwa nimejimulika uso wangu kwa tochi, mkono mwingine juu, ili wanione ni mtu na si kivuli. Walinisimamisha mbali. Nikapiga kelele kwamba mimi ni mwalimu. Nikaambiwa nitoe kitambulisho. Askari kijana alikisogeza kwenye mwanga, akalisoma jina langu na lile jina la babu lenye kosa, akanitazama, akakisoma tena. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili. Kwa miaka kama 15 niliyokuwa nacho hakuna mtu wa serikali aliyewahi kunirudishia kile kipande kwa mikono miwili.

Mkubwa wao alikataa. Hakukataa kwa ubaya. Alieleza kwamba doria ya baharini ikiona boti usiku inaweza kupiga risasi, naye hawezi kubeba dhamana ya roho zetu. Nilisimama tu. Nilikuwa sina neno jingine la kusema. Yule kijana akasema, "Afande, mimi nitaenda na wao." Alikuwa mtu wa bara, wa mlimani, hajafika miaka 25. Alikuwa hajui kuogelea. Hilo alituambia tukiwa tumeshatoka Mtangawanda, gati ya Pate.

Njia ya kutoka Pate kwenda Lamu hupita Mkanda, mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakijaa unapita; yakipwa unakaa matopeni mpaka yarudi. Nje ya Manda kusi ilikuwa imechafua bahari, si ya kumpitisha mja mzito. Maji yalikuwa yameshafika mwisho wa kujaa yanataka kurudi, na nahodha alisema tukichelewa kidogo tutakwama. Alikuwa na wiki nyingi hajagusa usukani usiku, lakini mkono wake haukusahau. Hakuwasha taa. Aliisoma njia kwa weusi wa mikoko dhidi ya weusi wa mbingu.

Askari alikaa omoni, mbele kabisa ya boti. Alikuwa ameshika tochi ameielekeza kifuani mwake, kwenye sare, kama nilivyojimulika mimi uso kule kambini, ili yeyote aliye mbele aione nguo ya serikali kabla hajaliona boti. Mawimbi yalipotupiga aliinama akatapika, akafuta mdomo, akajimulika tena. Koti lake alikuwa ameshalivua amemfunika dada yangu. Mfereji ulipokuwa mwembamba nahodha aliinua mashine, tukasukuma kwa upondo. Hapo ndipo taa kali ilipotumulika kutoka mbele.

Hakuna aliyepumua. Askari alisimama, na boti likayumba. Akapaza sauti akitaja namba yake ya kazi, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha namba ikamtoka kichwani, akawa anasema, "Kuna mama! Kuna mama ndani! Kuna mama!"

Taa ilibaki juu yetu kwa muda ambao sitausahau, halafu ikageukia maji, ikatuonyesha njia.

Gatini tulimbeba kwa machela, vichochoro vile ambavyo gari halipiti, mimi mbele na askari nyuma, na punda wamelala njiani tunawazunguka. Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya alfajiri. Msichana. Dada yangu alitiwa damu, akapona. Nilipotoka nje nilimkuta askari amekaa barazani, viatu vimejaa maji ya chumvi. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sikuwa najua Kenya iko na maji mingi hivi." Tukanyamaza. Kisha akaniambia kwamba tangu aletwe kisiwani alikuwa akituogopa, kwa sababu aliambiwa huku adui hana alama. Nami nikamwambia tulikuwa tukiwaogopa wao kwa sababu hiyo hiyo.

Mpaka siku ile nchi kwangu ilikuwa kitu kilicho nyuma ya dirisha la karani, ambacho hutolewa au hunyimwa. Ule usiku ilikuwa omoni, inatapika, na imejimulika kifua ili ipigwe yeye kwanza. Bibi alikuwa sahihi kuhusu meza. Ila hata yeye hakuniambia kwamba kuna watu wa upande wa pili wa meza ambao wangeweza kuinuka wakaja kukaa nasi botini.

Mambo hayakutengemaa kwa hayo. Siku ya tatu nahodha aliitwa kuulizwa kwa nini boti lake lilionekana usiku, na ilibidi mimi na yule askari tukamsemee. Marufuku iliendelea. Nyavu zilibaki mtini.

Ndiyo maana sikuona haya nilipoitwa mpinga maendeleo miaka michache baadaye. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, megawati 1,050, kando ya bahari hii na mikoko hii. Na mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ripoti ya athari zake ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kwa mamia. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na wazee wa uvuvi hawakuweza kusoma kilichoandikwa juu ya bahari yao. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea. Jioni, baada ya isha, kurasa chache kila siku, nikisimama kutafuta maneno ya majivu, ya moshi, ya maji ya moto yatakayorudishwa baharini. Wapo waliotuambia kwamba anayepinga mradi wa serikali haipendi Kenya. Mzee mmoja alijibu kwamba yeye jahazi lake likivuja hulitia kalafati, halisifu. Watu wa Lamu walikwenda mbele ya jopo la mahakama linaloshughulikia mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa, moja ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Siku hiyo niliuimba wimbo wa taifa peke yangu jikoni. Mke wangu aliingia akanikuta, hakusema kitu, akasimama wima kando yangu mpaka nikamaliza.

Bibi hakuyaona hayo, alikuwa ameshafariki. Kijaluba niliachiwa mimi. Pete amepewa binti yangu, risiti imebaki vipande, na kipande chake kimo humo bado, pamoja na changu. Sikitembezi mfukoni isipokuwa nina safari.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari. Kijana niliyemfundisha, mtoto wa mvuvi, alitimiza miaka 18, naye ni Mtikuu kwa babu. Baba yake aliniomba niwe shahidi. Tulivuka alfajiri, tukapita Mkanda maji yamejaa, kijana amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama. Dirishani alikuwa karani mwingine, mdogo kuliko wanafunzi wangu wa kwanza. Alizipanga karatasi, akauliza, "Babu yake, mzaa baba?"

Kijana alinitazama. Nilitoa kijaluba, nikafungua kitambaa, nikaweka kipande changu mezani. Karani alikichukua, akakisogeza karibu na uso, akasita.

"Mwalimu, hii ni harufu ya nini?"

"Asumini," nikamwambia.

Akavuta fomu, akamwuliza kijana jina lake, akaanza kuandika. Niliinama nikaangalia anavyoandika jina la babu, herufi kwa herufi.